Siagi ya karanga na unga wa lishe kutoka jikoni kwako: sheria inataka nini?

Hapa Ifakara, baada ya mavuno naulizwa hivi: "Afisa, natengeneza siagi ya karanga nyumbani. Naruhusiwa kuuza?" Unaruhusiwa, ila inategemea unauza nini na unamuuzia nani.

Chakula cha kuliwa siku hiyo hiyo
Vitumbua, maandazi, wali wa mchana: hapo unamalizana na halmashauri. Muone bwana afya wa kata, akague unapopikia. Wapishi wote wapime afya, na kipimo kinarudiwa kila miezi 6.

Chakula cha kufungasha
Unga wa lishe, siagi ya karanga, krispi za ndizi, mchele wa pakiti: hapo unaingia TBS. Ukiambiwa "nenda TFDA", taarifa hiyo imepitwa na wakati. Tangu 1 Julai 2019 masuala ya chakula yalihamia TBS, na TFDA ikawa TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba.

Usione ni urasimu tu. Kijana mmoja wa Kidatu alipeleka makopo 60 ya siagi ya karanga kwenye duka kubwa Morogoro mjini. Ladha waliipenda. Wakauliza alama ya ubora, hana. Akarudi na mzigo wote, akauza rejareja kwa bei ya hasara. Karanga alilima mwenyewe, nauli alilipa mwenyewe.

Pita njia hii:

1. Chukua TIN TRA, ni bure. Mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato, kwa hiyo usiogope. Jina la biashara sajili BRELA.

2. Nenda SIDO Morogoro, omba barua ya utambulisho. Msiruke hatua hii! Mjasiriamali mdogo mwenye barua hiyo hupata huduma ya TBS bila kulipia ukaguzi na vipimo kwa miaka 3 ya mwanzo. Ukienda peke yako bila barua, gharama ni zako.

3. Tenga chumba. Si lazima kiwanda, lakini jiko mnalopikia ugali wa familia halitapita. Mkaguzi anataka sakafu inayosafishika, dari, wavu madirishani, maji safi na sehemu ya kunawa. Kuku na watoto wasipite humo.

4. Omba TBS. Watakuja kukagua, watachukua sampuli kwenda maabara. Ikifaulu unapewa leseni ya kutumia alama ya ubora.

5. Lebo iwe na jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, jina na anwani yako, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda. Ukiandika gramu 400, ziwe 400. Wakala wa Vipimo hana utani.

Sampuli huangukia wapi?
Kwa karanga na mahindi, tatizo kubwa ni sumukuvu. Kikomo cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina kali ya B1 ni 5 tu. Kukaanga hakuiondoi yote, kusaga ndiyo kabisa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hii. Bonde letu lina unyevu mwingi, kwa hiyo hatari tunayo.

Maana yake leseni yako inaanzia shambani. Vuna kwa wakati, anika juu ya turubai na siyo chini, chambua punje zilizokunjamana na zenye ukungu, hifadhi juu ya chaga. Chumba kizuri chenye vigae hakiwezi kusafisha karanga iliyooza.

Kabla ya kununua mashine ya kusagia, anza na barua ya SIDO. Mashine itakusubiri dukani.