Muhogo wa Amani: maarifa yaliyozunguka Afrika

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia humdanganya mkulima hadi siku ya mwisho. Shamba linaweza kusimama kijani, miti imenyooka na majani yametanda, mwenye shamba akaanza kupiga hesabu ya magunia ya makopa atakayopeleka sokoni. Siku ya kuvuna anapasua muhogo wa kwanza na kuukuta ndani una mabaka ya kahawia, umekauka na kuwa mgumu. Anapasua wa pili, hali ni ile ile. Kazi ya mwaka mzima inaishia hapo.

Kilichomponza mkulima huyo si uvivu wala ukame. Pingili alizopewa na jirani au jamaa zilikuwa tayari zimebeba virusi, na hakuna aliyemwambia. Ndiyo maana tunapojadili usalama wa chakula, pamoja na mvua, mbolea na maghala, lazima tuijadili taarifa: nani anaijua, imeandikwa wapi, na inachukua muda gani kumfikia anayeshika jembe. Muhogo unatufundisha hilo vizuri, kwa sababu historia yake barani Afrika ni historia ya maarifa yaliyosafiri kutoka nchi moja hadi nyingine, na ya njaa iliyobisha hodi kila yalipokwama njiani.

Kazi iliyoanzia Usambara

Ugonjwa wa batobato, unaokunja majani ya muhogo na kuyatia madoa ya njano, ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na Mjerumani Otto Warburg, kutokana na mihogo ya huku huku Afrika Mashariki. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo Amani, katika milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga. Waingereza walikirithi baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na humo ndimo mtaalamu wa magonjwa ya mimea H. H. Storey alimofanya kazi iliyokuja kulisha mamilioni ya watu ambao hawajapata kulisikia jina lake.

Mwaka 1936 Storey aliueleza ugonjwa wa pili, huo wa michirizi ya kahawia. Wakati huo Amani ilikuwa imeanza kuzalisha mihogo yenye kustahimili magonjwa, kazi aliyoifanya pamoja na R. F. W. Nichols. Walijaribu aina nyingi za muhogo, za hapa na za ng'ambo, wasipate ukinzani wa kutosha. Wakageukia jamaa zake wa porini, hasa mpira wa Ceará, mti wa Amerika Kusini uliokuwa umeletwa Tanganyika kwa ajili ya utomvu. Mti huo hauliwi. Waliuchanganya na muhogo, kisha wakawarudisha watoto wake kwenye muhogo, kizazi baada ya kizazi, hadi ikapatikana mimea yenye mizizi ya kulika na ukinzani wa mti wa porini. Kazi hiyo iliendelea hadi 1957, mwishoni ikiwa mikononi mwa D. L. Jennings.

Pamoja na kuzalisha, watu wa Amani waliandika. Mimea iliwekewa namba, ukoo wake ukarekodiwa, matokeo yakachapishwa katika majarida, likiwemo jarida la kilimo la Afrika Mashariki. Wala mbegu hazikufungiwa kabatini. Katika miaka ya 1950 nyingine zilipelekwa Nigeria, na uamuzi huo mmoja ndio uliookoa kazi yao dhidi ya batobato.

Safari ya kwenda na kurudi

Katika kituo cha Moor Plantation mjini Ibadan, mbegu za Amani zilitoa mmea uliopewa namba 58308. Mavuno yake hayakuwa ya kujivunia, ila batobato haikuuweza. Mwaka 1967 ikaanzishwa Ibadan Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, IITA, na mwaka 1971 akafika mtaalamu kutoka Korea Kusini, Sang Ki Hahn. Hakuanza na shamba tupu. Alikuta mmea uliokwisha kujulikana, wenye namba na asili inayofuatika. Akauchanganya na mihogo yenye mavuno mengi, zikapatikana aina za kundi la TMS, maarufu zaidi ikiwa TMS 30572. Wakulima wa Nigeria walizipokea kwa mikono miwili, na nchi hiyo ikaja kuongoza dunia kwa uzalishaji wa muhogo. Watu wa mji wa Ikire walimsimika Hahn uchifu na kumpa jina la Seriki Agbe, yaani mkuu wa wakulima.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 zamu ya shida ikafika Uganda. Batobato kali kuliko iliyozoeleka ilizuka maeneo ya Luwero, ikaenea mwaka hadi mwaka. Huko Teso, ambako muhogo ndio tegemeo ukame unapobana, familia ziliachwa bila chakula. Mwaka 1997 wanasayansi walieleza chanzo chake: aina mbili za virusi vya batobato zilikuwa zimebadilishana vipande vya vinasaba, kikazaliwa kirusi kipya. Nzi weupe walikisambaza kutoka shamba hadi shamba, na watu wakakibeba mbali zaidi ndani ya mizigo ya pingili.

Msaada ulitoka Ibadan. Wataalamu wa Uganda walioongozwa na George William Otim-Nape katika kituo cha Namulonge walipokea aina za TMS, wakazijaribu pamoja na wakulima, zikaidhinishwa kwa majina ya Nase 1, Nase 2 na Migyera. Migyera ndiyo ile TMS 30572. Mjukuu wa Amani alikuwa amerudi Afrika Mashariki baada ya kulelewa Nigeria. Ugonjwa ulipoingia magharibi mwa Kenya, Kagera, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, wataalamu wa huko walikuwa na pa kuanzia, kwa kuwa Uganda haikuficha yaliyoipata wala ilichojifunza.

Jina sahihi la mdudu

Kuna tukio jingine linaloonyesha jinsi taarifa ndogo inavyoweza kuamua hatima ya bara zima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mdudu mdogo mwenye unga mweupe mgongoni alionekana kwenye mihogo karibu na Kinshasa na Brazzaville. Alinyonya vichipukizi hadi mimea ikadumaa, na katika muda mfupi akawa ameenea nchi nyingi za Afrika. Kama muhogo wenyewe, asili yake ni Amerika Kusini, na huku hakuwa na adui.

Mtaalamu wa wadudu Danièle Matile-Ferrero wa Paris alimchunguza na kumpa jina mwaka 1977: Phenacoccus manihoti. Watafiti walioanza kumsaka kaskazini mwa Amerika Kusini walimkuta mdudu anayefanana naye sana, lakini maadui wa asili wa mdudu huyo hawakufaa kwa yule wa Afrika. Walikuwa wawili tofauti. Bila watu waliokaa na darubini wakilinganisha vielelezo na kuandika tofauti zao, kazi ingeendelea kupotelea mahali pasipofaa. Mwaka 1981 Anthony Bellotti, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CIAT cha Kolombia, alimpata mdudu mwenyewe nchini Paraguay. Huko alipatikana pia nyigu mdogo anayetaga ndani ya mdudu huyo na kumuua. Nyigu hao walipitishwa karantini London, wakapelekwa Ibadan kwa timu ya Hans Herren, na mwaka huo huo wakaachiwa katika mashamba ya Nigeria. Baadaye walifika nchi nyingi za ukanda wa muhogo. Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Paris, Kolombia, Paraguay, London, Ibadan: hakuna hata mahali pamoja kati ya hapo pangeweza kumaliza kazi hiyo peke yake.

Ugonjwa uliosahaulika

Michirizi ya kahawia haikupata bahati hiyo. Kazi ya muhogo ilipokoma Amani, utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki ulikuwa umehamishiwa Muguga, Kenya, na Amani ikabaki kuwa makao ya utafiti wa malaria. Batobato ilipata mlezi Nigeria kwa sababu iko hata Afrika Magharibi. Michirizi ya kahawia haikuwako huko, hivyo haikuwa na wa kuihangaikia. Kwa miongo kadhaa ilichukuliwa kuwa tatizo la pwani tu, la watu wa Tanga, Mtwara, Kilifi na Msumbiji, lisiloweza kushamiri katika nyanda za juu. Kirusi chenyewe kilikuja kutambuliwa kimaabara mwaka 2001, miaka 65 baada ya Storey kuueleza ugonjwa.

Mwaka 2004 ugonjwa huo ukaonekana katika nyanda za juu za Uganda. Kutoka hapo uliikumba Kanda ya Ziwa yote: magharibi mwa Kenya, Kagera na Mara, Burundi, Rwanda, Kongo. Aina kadhaa zilizokuwa zimeokoa watu dhidi ya batobato zilianguka mbele ya michirizi ya kahawia. Pengo la miaka mingi ya kutotafiti lililipwa na wakulima, kwa mihogo iliyooza ardhini.

Hata hivyo, sehemu ya maarifa ilikuwa imehifadhiwa pasipotazamiwa. Pwani ya Kenya wakulima walikuwa na muhogo wanaouita Kaleso, na Tanzania walikuwapo waliopanda muhogo uitwao Namikonga, yote miwili ikistahimili michirizi ya kahawia. Wataalamu walipofuatilia ukoo wake walibaini kuwa ni muhogo mmoja, nao ni zao la Amani lenye namba 46106/27. Kituo kilipoacha kazi, wanavijiji hawakuacha. Walichagua pingili, wakagawiana, wakapanda tena msimu baada ya msimu, bila mshahara wala cheti. Watafiti wanaotafuta vinasaba vya ukinzani leo wanaitumia Namikonga kama mojawapo ya vyanzo vyao muhimu.

Kubadilishana upya

Kuanzia mwaka 2012 nchi tano, yaani Kenya, Malawi, Msumbiji, Tanzania na Uganda, zilifanya jambo ambalo Amani ingelitambua mara moja. Kila moja ilitoa aina zake tano bora zigawiwe kwa wenzake. Kwa kuwa pingili hubeba virusi, mihogo hiyo ilisafishwa kwanza katika maabara za Uingereza na Muguga, ikavushwa mipaka ikiwa miche midogo ndani ya chupa, kisha ikajaribiwa mashambani. Takwimu za majaribio ya muhogo sasa huwekwa pia katika hifadhidata ya Cassavabase, iliyo wazi kwa mtafiti wa kituo cha Ukiriguru, Tanzania, sawasawa na wa Marekani.

Kwa upande wa mkulima ipo programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na IITA. Mtu anaelekeza kamera kwenye jani, simu inamwambia ugonjwa unaoshukiwa, kwa Kiswahili na hata pasipo intaneti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa Nuru ilitambua dalili za majani kwa usahihi zaidi kuliko maafisa ugani walioshirikishwa. Lakini simu haioni chini ya ardhi, na michirizi ya kahawia mara nyingi hujificha huko huko. Bwana shamba aliyefunzwa vizuri bado anahitajika, na pingili safi zinahitajika zaidi.

Afrika Magharibi nayo inajiandaa. Mtandao wa WAVE, unaoongozwa na Justin Pita kutoka Côte d'Ivoire, unafuatilia virusi vya muhogo na kuzisaidia serikali kupanga la kufanya siku michirizi ya kahawia ikivuka Kongo kuelekea Nigeria. Mengi wanayoyajua kuhusu ugonjwa huo yametokana na mashamba ya kwetu.

Tunachodaiwa

Mambo matatu yanahitaji uamuzi, si makongamano.

Kwanza ni ukweli wa mapema. Nchi huona haya au hofu ya kibiashara kutangaza ugonjwa mpya wa mazao. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa muhogo anayeumbuka wa kwanza ni jirani aliyepokea pingili bila kujua.

Pili ni uhuru wa kubadilishana mbegu kwa utaratibu. Mkataba wa kimataifa wa rasilimali za mimea uliopitishwa mwaka 2001 uliuweka muhogo katika orodha ya mazao yanayobadilishwa kwa masharti ya pamoja, lakini orodha hiyo ilitaja muhogo wa kupandwa peke yake. Jamaa zake wa porini, ukiwemo mpira wa Ceará uliotupa ukinzani wote huu, waliachwa nje. Hilo ni kosa la kusahihishwa.

Tatu ni lugha. Tazama eneo lililoathirika na michirizi ya kahawia, kutoka pwani ya Tanzania na Kenya hadi Kivu, utaona kwamba sehemu yake kubwa ni nchi ya Kiswahili. Ni fursa ambayo magonjwa machache ya mimea duniani yametupa: onyo moja, lililoandikwa vizuri mara moja, linaweza kusikika redioni Kilifi, Bukoba, Bujumbura na Bukavu kwa wiki ile ile. Badala yake taarifa nyingi zinabaki katika ripoti za Kiingereza na Kifaransa, huku mkulima akitegemea uvumi. Wajasiriamali wanaozalisha mbegu za kuazimiwa ubora vijijini Tanzania wameonyesha kuwa pingili safi zikipatikana karibu, na mtu akaelezwa kwa nini azinunue, atazinunua.

Virusi havisubiri kikao wala kibali. Serikali zinazotaka kuvizuia zitenge fedha za kutunza kumbukumbu za utafiti kama zinavyotenga za mbolea, zitangaze ugonjwa siku unapothibitishwa, na zihakikishe habari inamfikia mkulima kwa lugha yake kabla hajafukia pingili ya kwanza.