Rekodi Nane za Vita Kuu Zilizowekwa Kwetu

Saa mbili asubuhi, Mtaa wa Kongo, Dar es Salaam, haupitiki. Kijana mwenye belo la mitumba la kilo 45 kichwani anakuja kwa mwendo wa nusu mbio, shingo imekaza, kata ya nguo imezama chini ya mzigo. "Mzigo! Mzigo! Pisheni njia!" Watu wanajibana ukutani, anapita. Tunaompisha ni wachache tunaokumbuka kwamba eneo hili lina jina la watu wa kazi yake. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wenyeji walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa la Kiswahili.

Shuleni tulijifunza Sarajevo, Verdun na Somme. Lakini vita vile vilipiganwa hapa pia, kwa zaidi ya miaka minne, na baadhi ya rekodi zake ziliwekwa kwenye ardhi na maji yetu.

1. Mizinga ya mwanzo: Dar es Salaam, 8 Agosti 1914

Uingereza ilikuwa vitani kwa siku nne tu pale manowari Astraea ilipoufyatulia mizinga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Ndivyo vita vilivyoingia Afrika Mashariki. Tarehe 28 Novemba mwaka huohuo manowari zilirudi. Kamanda Henry Peel Ritchie alijeruhiwa mara nane bandarini, na kitendo chake kikawa cha kwanza cha mwanamaji katika vita vile kuzawadiwa nishani ya Victoria Cross. Mji wenyewe ulitekwa tarehe 4 Septemba 1916.

2. Aibu kubwa kuliko zote: Tanga, 2–5 Novemba 1914

Waingereza walileta kwa meli wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na takriban 1,000, wengi wao askari Waafrika. Vita vilipiganwa katika mashamba na mitaa ya mji, na mizinga ya nyuki iliyotikiswa na risasi ikazidisha vurugu. Waingereza waliokufa na kujeruhiwa walipita 800. Walipokimbilia melini waliacha nyuma mamia ya bunduki, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Shehena hiyo ndiyo iliyompa Lettow nguvu ya kuendelea, kwa sababu bahari ilikuwa imefungwa na hakuwa na pa kununua nyingine.

3. Meli iliyosakwa kuliko zote: Königsberg, delta ya Rufiji

Alfajiri ya 20 Septemba 1914 manowari hii ya Kijerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza ikiwa imetia nanga Unguja. Kisha ikajificha katika mikoko ya Rufiji kwa zaidi ya miezi minane. Waingereza waliitafuta kwa meli na ndege, hadi tarehe 11 Julai 1915 walipoimaliza kwa kutumia meli za kina kifupi, Severn na Mersey. Meli ilikufa lakini mizinga yake kumi haikufa. Iliopolewa, ikaletwa Dar es Salaam na kuwekewa magurudumu, ikaenda kupigana nchi kavu. Mmoja unaonekana hadi leo Fort Jesus, Mombasa.

4. Meli yenye maisha marefu: Liemba

Graf von Götzen iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande na kuunganishwa tena Kigoma. Julai 1916 mafundi wake walipaka mitambo grisi na kuizamisha wenyewe ili adui asiipate. Iliibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Imebeba abiria na dagaa wa Ziwa Tanganyika kwa vizazi kadhaa.

5. Safari ndefu kuliko zote angani: L59, Novemba 1917

Puto kubwa la kijeshi la Wajerumani liliondoka Jamboli, Bulgaria, likiwa na tani 15 za dawa, risasi na vifaa vya Lettow. Halikukusudiwa kurudi. Gamba lake lingekatwa kuwa mahema na nguo. Lilipofika Sudani liliitwa lirejee, na lilitua lilikotoka baada ya saa 95 na kilomita zipatazo 6,800. Hakuna chombo kilichokuwa kimewahi kuruka mbali vile vitani, na jeshi lililokuwa likipelekewa mzigo lilikuwa kusini mwa nchi hii.

6. Pambano lililomwaga damu nyingi kuliko yote Afrika Mashariki: Mahiwa, 15–18 Oktoba 1917

Kariakoo kuna Mtaa wa Mahiwa, na watu hupita hapo na vifurushi bila kuwaza Lindi. Huko Lindi, kwa siku nne, kikosi cha Waingereza cha watu wapatao 5,000 kilipambana na Wajerumani wasiozidi 2,000. Wengi wa waliokuwa upande wa Waingereza walikuwa Waafrika kutoka Nigeria na Afrika Mashariki. Zaidi ya nusu ya kikosi hicho waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Lettow walianguka takriban 500, ambao hakuwa na njia ya kuwafidia. Mwezi uliofuata alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

7. Silaha za mwisho za Wajerumani kuwekwa chini: 25 Novemba 1918

Ulaya ilinyamaza tarehe 11 Novemba. Lettow alisalimu amri siku 14 baadaye huko Abercorn, leo Mbala, Zambia, akiwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika zaidi ya 1,100. Miongoni mwa vijana waliotumikia jeshi lake alikuwa Kleist Sykes. Mwaka 1929 alikuwa mmoja wa waasisi wa African Association hapa Dar es Salaam. Wanawe Abdulwahid na Ally wakapigana Burma katika vita ya pili, kisha wakaingia siasa zilizozaa TANU mwaka 1954. Kwa wale waliobeba bunduki za wengine, hapo ndipo palipogeuka: walirudi nyumbani na kuanza kudai nchi yao.

8. Idadi kubwa kuliko zote: wapagazi

Kwenye pori lenye mbung'o, farasi na ng'ombe walikufa haraka, kwa hiyo jeshi likapanda juu ya vichwa vya watu. Waingereza peke yao walichukua wapagazi wapatao milioni moja. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na unga usioiva vizuri, si kwa risasi. Nyumbani walikotoka mashamba yalilala. Ugogo, majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana, na njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya.

Katika kambi yao, pale Wajerumani walipokuwa wamejenga ukumbi wa soko, ndipo lilipozaliwa jina la Kariakoo. Nairobi nako walibakisha Kariokor.

Nenda kwenye mzunguko wa Mtaa wa Samora, alipokuwa amesimama Wissmann, gavana wa Kijerumani. Tangu 1927 yupo askari wa shaba, singe yake imeelekea bandarini. Maandishi chini yake yanawataja wapagazi, lakini juu amesimama peke yake. Nairobi wao wamempandisha mpagazi jukwaani, bega kwa bega na askari. Sisi ambao tumelipa soko letu kubwa jina lake tunadaiwa na mpagazi nafasi hiyo. Asimame Kariakoo penyewe, mzigo kichwani, mahali ambapo vijana wa mabelo wanapita kila asubuhi na wanaweza kumwona.