Fundi, shika kiwashio kabla ya kufungua gesi

Kijana wa miaka 23 aliletwa kwetu jioni, uso wote umepakwa dawa ya meno. Ni fundi friji. Alikuwa akiunga bomba la shaba kwa tochi ya gesi, ndani ya stoo yenye mlango mmoja na isiyo na dirisha.

Siku tatu baadaye, alipokuja kubadilishiwa bandeji, nilimpa kalamu yangu anionyeshe alivyowasha tochi ile. Alijifanya anafungua koki, kisha akaanza kupapasa mfukoni.

"Unatafuta nini, mdogo wangu?"

"Kiberiti, daktari."

Sekunde zile za kupapasa ndizo zilizomuunguza. Gesi ya mitungi yetu ni nzito kuliko hewa. Haipandi darini, hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya meza. Cheche ikipatikana, hulipuka yote iliyokwisha kutoka.

Kwa hiyo fanya kazi nje, au fungua milango na madirisha. Paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na mtungi. Likitoa mapovu, gesi inavuja, usiwashe. Vaa miwani ya kazi na nguo ya pamba, maana nailoni huyeyuka na kugandia ngozi. Shika kiwashio cha cheche, kama kile cha jiko la gesi, mbele ya mdomo wa tochi ulioelekezwa mbali nawe. Kiberiti cha njiti huuleta mkono karibu mno. Fungua koki kidogo na uwashe hapo hapo. Isipowaka, funga, subiri gesi itawanyike, ndipo ujaribu tena. Ukimaliza, funga mtungi kwanza, acha gesi iliyobaki kwenye mpira iungue, kisha funga tochi.

Mafundi friji wana hatari ya ziada. Friji nyingi mpya hutumia R600a, gesi inayowaka. Ile ya zamani, R22, ikipita kwenye moto hutoa hewa ya sumu inayodhuru mapafu. Toa gesi yote ya friji kwa vifaa vyake kabla ya kuleta moto karibu.

Sasa ile dawa ya meno. Haipoozi moto. Sisi hulazimika kuiosha juu ya kidonda kibichi ili tuone kina chake, na maumivu yake mgonjwa hayasahau. Mafuta, yai na asali navyo vibaki jikoni. Vua pete na saa, weka sehemu iliyoungua chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Hata kama saa mbili zimepita, maji bado yanasaidia.

Aliyeungua uso aje hospitali hata kama anatembea na kucheka. Sauti ikianza kukwaruza, vinyweleo vya puani vikiwa vimeungua, au akikohoa makohozi meusi, koo linaweza kuvimba na kuziba ndani ya saa chache. Huyo asisubiri asubuhi.