Manowari London Katika Bandari ya Unguja

Neno manowari limo vinywani mwa watu wote wa pwani, wala si wengi wakumbukao ya kuwa limetoka katika Kiingereza, man-of-war, yaani chombo cha vita. Wazee walinena pia merikebu ya mizinga. Na mzinga, kama mwalimu wa bara ajuavyo, ni gogo lililotobolewa kwa ajili ya nyuki. Merikebu moja ya namna hiyo ilitia nanga Unguja yapata miaka kenda, nasi tu wapasiwao kuijua, kwa maana baadhi ya Wakristo wa kwanza wa Mbweni na Kiungani waliokolewa na mabaharia wake.

Jina lake London. Ilishushwa majini huko Chatham, Uingereza, mwaka 1840: chombo cha mti chenye milingoti mitatu, sitaha mbili za mizinga, na mizinga 90. Tarehe 17 Oktoba 1854, katika vita vya Krimea, ilikuwamo miongoni mwa merikebu zilizopiga ngome za Sevastopol. Siku ile ilionekana ya kuwa ukuta wa mawe hushinda ubavu wa mti; London iliumia, wala ngome hazikuanguka. Mwaka 1858 ikatiwa mashine ya moshi na rafadha. Lakini mwaka 1860 Waingereza wakashusha Warrior, iliyovikwa chuma, ndipo merikebu za mti zote zikawa za kale.

Basi mbona chombo cha kale kililetwa Unguja? Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mapatano ya kukataza watumwa wasichukuliwe baharini, na soko lao likafungwa. Lakini mwaka uliotangulia tufani ilikuwa imeangusha mikarafuu ya Unguja, na ile ya Pemba ikasalimika. Bei ya karafuu ikapanda, na wenye mashamba wa Pemba wakazidi kutaka watu. Majahazi yakavusha watumwa usiku, yakijificha katika vijito na mikoko.

London ilifika mwaka 1874, na tangu hapo haikufukuza chombo chochote. Ilikuwa ghala, karakana na hospitali. Waliofukuza ni mashua zake. Zilikwenda Pemba majuma mazima, mabaharia wakilala humo humo juani na mvuani, na homa ikawaua wengi kuliko risasi. Jahazi lililokamatwa lilihukumiwa Unguja. Watu wake wakaandikwa huru, wengine wakatiwa mikononi mwa misioni. Hapo tusijisifu upesi. Mtoto aliyetoka Nyasa au Uyao hakurudishwa kwao, wala hakuulizwa aende wapi; wengine walikuwa wadogo hata hawakujua jina la mji wao.

Tarehe 3 Desemba 1881 nahodha wa London, Charles Brownrigg, alikuwa karibu na Pemba katika mashua ya moshi, akizuru mashua zake zilizokuwa zamuni. Akaona jahazi lenye bendera ya Kifaransa. Kwa sheria hakuweza kulipekua jahazi la bendera ile. Aliweza kutazama hati zake tu, kwa hiyo alikaribia bila kujiweka tayari kwa vita. Waliokuwamo wakampiga bunduki ghafula, wakarukia mashua. Watu wake wengine waliuawa, wengine wakajitupa majini. Yeye alipigana peke yake katika tezi hata akafa. Amezikwa katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya mji wa Unguja.

Wako wasemao ya kuwa London iliikomesha biashara ile. Mimi sioni hivyo. Madhali mtu aweza kumiliki mtu shambani, watakuwapo wa kumletea. Na utumwa wenyewe ulidumu katika sheria za Unguja na Pemba hata 1897. Lakini kwa kila mmoja aliyetolewa chini ya sitaha ya jahazi, hesabu ilikuwa nyingine.

Mwaka 1883 London iliondolewa kazini, na mwaka 1884 ikauzwa ivunjwe.