Kwa nini ndege wadogo humvamia ndege mwindaji

MKAZI wa Section 58, Nakuru, anayesikia makelele ya ghafla mitini huenda akashuhudia kioja: shakivale, ndege mwindaji mwenye kifua cheupe na mkia mwekundu, akitimuliwa na mlamba, yule ndege mdogo mweusi mwenye mkia wa panda.

Wengi hudhani huo ni ujasiri mtupu. La hasha. Ndege mwindaji hutegemea kushtukiza. Akishaonekana na kutangazwa, windo lake limeharibika. Isitoshe, shakivale ni mzito na hugeuka polepole hewani, ilhali mlamba humshambulia kutoka juu na nyuma, mahali ambapo kucha zake hazifiki kwa urahisi.

Hata sauti zina mpango. Mwaka 1955, mtaalamu Mwingereza Peter Marler alieleza kwamba ndege wengi wadogo wakimwona adui akipita angani hutoa mlio mwembamba, ambao ni vigumu kujua unakotoka. Adui akiwa ametua, hutoa milio mifupi na mikali inayorudiwarudiwa. Huo ni mwito: majirani, hata wa jamii nyingine, hukusanyika kumzonga mpaka aondoke. Ndege wachanga nao hujifunza papo hapo nani wa kuogopwa.

Hata hivyo, shughuli hiyo ina hatari, kwani baadhi ya washambuliaji hunaswa. Ndiyo maana wazazi wengi huzidisha ukali kadiri makinda yanavyokua: wameshayagharimia mengi, na muda wa kuanza upya umepungua.

Kwa binadamu, makelele hayo yasiwe sababu ya kuokota jiwe au kutega sumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha hesabu zilizofanywa kando ya barabara za Kenya kati ya 1970 na 1977 na zile za 2003 hadi 2020. Kati ya aina 22 za ndege wawindaji, 19 zilikuwa zimepungua.

Shakivale hula panya na fuko, maadui wakubwa wa mkulima. Mfugaji anayehofia vifaranga afadhali awafunike kwa wavu. Viota vya mitini vina walinzi wake tayari, nao hutosheka adui akienda zake, hawamwangamizi.