Motokaa ya Pua ya Chini na Vipandio Vyake

Mambo ya motokaa si mambo ambayo mwalimu wa chuo huulizwa kila siku. Lakini katika mji kama Tunduma hayaepukiki. Mji wetu umekaa mpakani, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, na ng'ambo ya pili ni Nakonde katika nchi ya Zambia. Tangu mwaka 2019 upo hapa mlango mmoja wa forodha unaotumiwa na nchi zote mbili, na mchana na usiku hupita magari ya kila namna yaliyoteremshwa bandarini yakielekea Zambia na Kongo. Basi mtoto wa hapa huyajua majina ya motokaa kabla hajamaliza Juzuu Amma.

Akishakua na kupata riziki yake, kijana huyo hatamani tena pikipiki. Hutamani motokaa ya Kijapani iliyotumika, nayo aghalabu huwa ya mwendo wa kasi, yenye pua ndefu na tumbo linalokaribia kugusa ardhi. Mfano wake ni Toyota Altezza, iliyotengenezwa Japani kuanzia mwaka 1998 hadi 2005, ambayo hata leo yaonekana katika barabara zetu. Wengine hawatosheki na uchini ule iliotoka nao kiwandani, hukata springi ili izidi kushuka. Mimi sioni uzuri wake katika mji wenye makorongo na vumbi kama huu, lakini vijana wana macho yao.

Shida huanza siku ya kubadilisha oili. Gereji hutaka fedha, na kijana ana spana zake na mikono yake. Ni jambo jema kwamba ataka kujitegemea, na mzazi asimkataze kwa kuwa tu nguo zitachafuka. Ila na atazame mwanawe anaingiaje chini ya chombo hicho. Wengi hunyanyua pua kwa jeki, wakaweka matofali mawili ya kuchoma au jiwe, kisha wakajilaza chali. Huko ni kucheza na roho. Tofali huonekana gumu kwa sababu hubeba ukuta, lakini ukuta huliegemea lote kwa usawa. Chuma cha gari huligusa mahali padogo tu, nalo hupasuka ghafla bila kutoa onyo lolote. Jeki nayo kazi yake ni kunyanyua, wala haikutengenezwa kushikilia. Ndani ya jeki ya mafuta mna mpira mdogo unaozuia mafuta yasirudi, na mpira huo ukichakaa jeki hushuka, ama polepole ama kwa mara moja.

Sisi wa mkoa wa Songwe tunacho kimondo chetu kule Mbozi, pande la chuma linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, na wageni huja kulistaajabia. Altezza haifiki hata tani moja na nusu. Lakini kifua cha mwanadamu hakihitaji tani 16. Mia tatu au mia nne za kilo, ambazo ni sehemu ya gurudumu moja tu la mbele, zatosha kabisa kukizuia kisivute pumzi.

Wapo watakaosema, "Mimi namtegemea Mungu." Kisa cha bedui na ngamia wake wakijua watoto wote wa chuo, hakina haja ya kusimuliwa tena hapa.

Njia iliyo salama zaidi kwa kazi ndogo ya nyumbani ni vipandio, yaani majukwaa mawili yenye mteremko, ambayo mafundi wengine huyaita rampu. Motokaa hupanda kwa magurudumu yake yenyewe, ikasimama juu. Hapana jeki wala chuma kinachoweza kuteleza. Gari limekaa juu ya matairi yake kama likaavyo barabarani. Kwa kumwaga oili, kubadilisha kichujio, au kutazama bomba la moshi, hapana lililo bora. Tatizo ni kwamba vipandio vingi vinavyouzwa vilikusudiwa magari ya kawaida. Mteremko wake ni mkali, hupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 3 au 4 za urefu. Motokaa ya pua ya chini ikivikaribia, bampa hugonga kabla gurudumu halijaanza kupanda.

Jambo hilo hasa ndilo lililoniletea ugomvi barazani. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alimwendea fundi wa kuchomelea vyuma akamwambia, "Nitengenezee ngazi za gari." Fundi akamtengenezea kama alizowahi kumtengenezea mwenye pikapu: kimo sentimita 25, urefu wa mteremko sentimita 75. Ni kazi safi, chuma kizito. Siku ya kwanza bampa likapasuka katikati. Kijana adai alipwe bampa, fundi adai amemaliziwe fedha zake, na baba wa kijana, kwa hasira, ataka motokaa iuzwe siku ile ile. Wakasema mzee na aamue.

Niliomba futi ya fundi na kamba. Tulipima kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya bampa, tukapata sentimita 12. Tukapima tena kutoka pale tairi la mbele linapogusa ardhi, moja kwa moja hadi ncha ya bampa, tukapata sentimita 80. Hesabu yake ni ya darasa la tano. Gurudumu likiwa mwanzo wa mteremko, bampa limekwisha kutangulia sentimita 80 mbele. Kwa hiyo mteremko ukiwa umepanda zaidi ya sentimita 12 mahali pale, lazima vikutane. Kipandio cha fundi kilikuwa tayari kimefika kileleni, sentimita 25, kabla ya hizo 80. Hata motokaa yenye bampa la sentimita 20 isingepita. Nikasema fundi hana kosa, kwa maana ametengeneza alichoambiwa, na aliyemwagiza hakutoa kipimo. Bampa ni juu ya kijana, na fundi alipwe. Fundi naye, kwa wema wake, alivichukua vile vyuma kwa nusu ya thamani. Baba alinyamaza. Motokaa haikuuzwa.

Kila mwenye motokaa afanye vipimo hivyo viwili kwa gari lake mwenyewe, likiwa mahali tambarare, matairi yamejaa upepo. Kisha aondoe sentimita 2 katika kile kimo cha bampa, maana springi hucheza. Katika mfano wetu zilibaki sentimita 10 kwa 80, maana yake kila sentimita 1 ya kupanda yataka 8 za urefu. Akitaka gari lipande sentimita 20, na hizo zamtosha mtu mwembamba kufanya kazi, ahitaji mteremko usiopungua sentimita 160, na juu yake mahali pa kusimama.

Kipandio kirefu namna hiyo cha chuma ni ghali na kizito. Hapa ndipo mbao zinapokuwa rafiki wa maskini. Nyanda zetu za juu kusini zina mbao za paini tele. Chukua mbao za inchi 2 kwa 10, kwa kuwa tairi la motokaa hizi lina upana wa sentimita 20 hadi 22, na ubao wa inchi 8 utaliacha likining'inia ukingoni. Kwa kila kipandio kata vipande vinne: sentimita 180, 140, 100 na 60. Vipange kimoja juu ya kingine kuanzia kirefu, ncha za nyuma zikilingana, na upande wa mbele utapata vidaraja vinne, kila kimoja kikirudi nyuma sentimita 40. Vifunge kwa gundi na skrubu ndefu, visiwe vya kupanga tu, kwani mbao zilizopangwa bila kufungwa huteleza zikasukumwa na tairi. Ubao unene wake ukiwa sentimita 5 kamili, vinne ni sentimita 20. Juu kabisa, ukingoni mwa mwisho, pigilia kipande cha ubao kilicholala, kimo cha sentimita 5, ili gurudumu lipate kizuizi. Kisiwe kirefu zaidi, la sivyo bampa litakikuta.

Mbao ziwe kavu, zisizo na ufa wala vifundo vikubwa. Msumeno wa kiwandani wakati mwingine hudanganya unene, basi pima kabla hujalipa.

Mahali pa kuviweka pana neno lake. Tunduma imejengwa katika miinuko, na ua ulio sawa ni bahati. Tumia pima maji ya mwashi. Juu ya udongo mwekundu wakati wa masika, kipandio kimoja huzama kuliko mwenzake na gari likalala upande. Tandika ubao mpana chini yake, au ngoja kiangazi. Juu ya saruji laini hatari ni nyingine: vipandio husukumwa mbele badala ya kupandwa. Kata mpira wa tairi kuukuu uvitandikie chini, na urefu wake utokeze nyuma kiasi cha kukanyagwa na gurudumu lenyewe. Hapo uzito wa gari ndio utakaovizuia.

Wakati wa kupanda awepo mtu wa kuongoza, naye asimame ubavuni, asisimame mbele hata kidogo. Dereva aende kwa mwendo wa mtu anayejifunza, wala asikanyage breki ghafla, maana pua huinama, na zile sentimita 2 tulizoziweka akiba zitakwisha papo hapo. Magurudumu yakishatulia juu, avute breki ya mkono, aweke gia, aweke kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma, yote mawili. Ufunguo autoe autie mfukoni mwake. Jambo hili nalikazia kwa akina mama waliomo nyumbani: mtoto wa miaka minne apenda kukaa kwenye usukani, na baba akiwa chini ya gari ufunguo haufai kuwa mahali pake. Kabla hajaingia, alisukume gari kwa nguvu zake zote kutoka ubavuni. Likitikisika kwa namna isiyompendeza, alishushe aanze upya. Na pasiwe na siku anafanya kazi hiyo pekee nyumbani.

Wengine wameniuliza juu ya shimo, kama zilivyo gereji. Kwa nyumba yenye watoto silipendi. Masika hujaa maji, na mvuke wa petroli, ulio mzito kuliko hewa, hutuama chini yake ukingojea cheche.

Lakini vipandio havifai kwa kila kazi. Gurudumu lililobeba gari haliwezi kufunguliwa, basi mwenye kutaka kubadilisha breki au springi hana budi kurudi kwenye jeki, pamoja na stendi za chuma zenye kuandikwa uzito zinaoweza kubeba. Stendi zikae mahali palipoonyeshwa katika kitabu cha gari, si chini ya sampu wala sakafu nyembamba. Gurudumu likishatolewa lilazwe chini ya ubavu wa gari, liwe mlinzi wa pili. Springi yenyewe, kwa kuwa imekandamizwa, yaweza kuruka na kumuua mtu. Kazi hiyo na ipelekwe gereji, hata kama fedha ni chache.

Oili iliyomwagwa ikusanywe katika dumu lenye kifuniko, mbali na kisima na mbali na watoto. Ikidondokea vipandio, ifutwe kwa vumbi la mbao siku ile ile, kwani ubao wenye mafuta huteleza. Na baada ya kazi visiachwe chini uani. Mchwa wa huku hawahitaji zaidi ya msimu mmoja kuula ubao kwa ndani na kuuacha uso wake mzima, basi vitundikwe au viegemezwe juu ya mawe mahali pakavu, na kila mara kabla ya kuvitumia vigongwe kwa nyundo upande wa chini kusikiliza kama vinatoa mlio wa utupu.