Mambo Msiige na Mpaka wa Malaba

Waulize wanafunzi wa huku Angurai mpaka wetu na Uganda ulitoka wapi, nao watakujibu kwa sauti moja: Berlin. Jibu hilo limekaririwa hata likawa kama sala. Ukweli ni kwamba mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885 haukuchora mstari wowote kwenye mto Malaba. Ningewaomba walimu wenzangu wawapeleke vijana, angalau kwa fikira, hadi Shangani, Unguja.

Hapo ufukweni lipo jumba liitwalo Mambo Msiige, lililojengwa na tajiri wa Kiarabu, Salim bin Harith, katikati ya karne ya 19. Jina lenyewe ni sentensi: mwenye nyumba anawaonya watu wasijaribu kumwiga. Masimulizi ya mji husema chokaa yake ilikorogwa kwa mayai. (Mwanasarufi atauliza kwa nini si "msiyaige", maana mambo ndiyo yanayoigwa. Huenda tajiri hakujali viambishi.) Wamisionari wa Kianglikana walikaa humo, kisha katika miaka ya 1870 likawa makao ya balozi wa Uingereza. Leo ni sehemu ya hoteli ya kifahari iliyofunguliwa mwaka 2015, baada ya UNESCO kulalamikia jengo jipya lililosimamishwa ubavuni mwake.

Neno "balozi" nalo limesafiri. Asili yake ni "bailo", mjumbe wa Venice kule Istanbul. Likapitia Kituruki na Kiarabu hadi likatia nanga pwani kwetu. Mjumbe, kwa desturi, hubeba maneno ya aliyemtuma na kurudi na majibu. Wa Unguja walivuka kiwango hicho. Uingereza ilipotangaza himaya yake ya Afrika Mashariki mwaka 1895, kamishna wa kwanza alikuwa Arthur Hardinge, naye alikuwa bado konsuli mkuu Unguja. Mtu aliyetumwa kwa Sultani akapewa pia bara la kutawala.

Angurai wakati huo ilihesabiwa upande wa Uganda. Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukahamishiwa himaya hiyo, nasi tukahama bila kuinua mguu. Wateso wa hapa na wa Tororo hawakuulizwa. Hadi leo mtu huvuka kwenda matangani kwa mjomba wake, na njiani akadaiwa kitambulisho.